Usipige Lipu Kabla Hujapima Waya

Kama una nyumba ya zamani iliyo kwenye ukarabati sasa hivi, na fundi wa lipu ameshamwaga mchanga na chokaa barazani, msimamishe. Mpe chai, mlipe hata nusu ya siku yake ikibidi, lakini asiguse ukuta mpaka nyaya zilizomo ndani yake zimepimwa. Zimepimwa kwa mashine, si kwa macho, na wala si kwa kuwasha taa.

Nina haraka ya kulisema hili kwa sababu jambo lenyewe linaenea. Tembea Mji Mkongwe wa Unguja kati ya masika na msimu wa wageni, utasikia nyundo kila kichochoro. Nyumba za familia zinageuka gesti, ghala linageuka mkahawa, ghorofa iliyokuwa na wapangaji wanne inakatwakatwa iwe vyumba vinane, kila kimoja na choo chake. Vigae vinabadilishwa, madirisha yanapakwa mafuta, mlango wa nakshi unasuguliwa mpaka unang'aa. Nyaya zinaachwa zilivyo, kwa kuwa hazionekani na hakuna mgeni anayezipiga picha. Hali ni hiyo hiyo Mji wa Kale wa Mombasa, Lamu, Tanga, na kwenye nyumba za Upanga na Kariakoo zilizojengwa kabla ya Uhuru.

Mwenye nyumba anayeuliza kuhusu nyaya mara nyingi hupewa jibu moja: "Mbona taa zinawaka, bi mkubwa?"

Zinawaka, ndiyo. Taa ya LED ya wati 9 kwenye umeme wa volti 230 haivuti hata sehemu moja ya kumi ya ampea. Waya uliooza mpira wake, uliobakiwa na uzi mmoja mzima kati ya saba, utaiwasha taa hiyo vizuri kabisa. Taa kuwaka ni ushahidi kwamba umeme unafika. Haisemi lolote kuhusu hali ya njia unayopita.

Fanya hesabu ya nyumba yenyewe. Ilipowekwa umeme, tuseme miaka ya 1950, ilikuwa na balbu kumi za wati 60, feni tatu za dari na redio. Washa vyote kwa pamoja, hufikii ampea 4. Waya uliowekwa ulitosha na kubaki. Leo nyumba hiyo hiyo inapewa viyoyozi vitatu vya BTU 12,000, kila kimoja kikivuta kama ampea 5. Hita ya maji ya kilowati 3, ampea 13. Birika la umeme la kilowati 2, ampea 9. Hizo ni ampea 37, na bado hujagusa friji, pasi wala pampu ya maji. Ukiamua kuweka bomba la mvua lenye hita yake hapo hapo kichwani, ongeza ampea 20 na ushee kwa kila bafu. Joto kwenye waya nalo haliongezeki sawa kwa sawa na umeme. Umeme ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Ukiwa mara tatu, mara tisa.

Hapo ndipo wengi hujipa moyo kwamba breka itakata. Breka hukata pale umeme unapozidi kiwango chake. Sasa chukua kiungo kimoja ndani ya dari, nyaya mbili zilizosokotwa kwa mkono miaka mingi iliyopita na kuzungushiwa tepu. Zimeshika kutu ya kijani, kiungo kimelegea, kina ukinzani wa nusu ohmu tu. Pitisha ampea 10 hapo, na kiungo kinatoa wati 50 za joto mahali padogo kuliko ncha ya kidole, kama pasi ya fundi redio ya kulehemu risasi iliyosahauliwa ikiwaka juu ya boriti. Kwa breka, hizo ni ampea 10 za kawaida, hakuna kosa lolote. Haitakata. Kitakachokata ni moto wenyewe, na boriti za mikoko zilizokauka kwa miaka mia hazihitaji kubembelezwa ili zishike. Vichochoro vile gari la zimamoto halipiti.

Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018, Makumbusho ya Taifa ya Brazil, mjini Rio de Janeiro, yaliungua karibu yote. Jengo lilikuwa kasri la wafalme wa nchi hiyo. Uchunguzi wa polisi wa shirikisho ulifuatilia moto mpaka kwenye viyoyozi vya ukumbi wa mikutano: havikuwa na breka kila kimoja na yake, na kimojawapo hakikuwa na waya wa ardhi. Jengo la kale na kiyoyozi kilichoongezwa baadaye. Sijui kama kuna maelezo mafupi zaidi ya kile kinachofanyika kwenye gesti zetu.

Lakini mzigo mkubwa ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine haisemwi sana: ukarabati wenyewe unaweza kuua kinga iliyokuwepo, na kuiua kimya kimya.

Nyumba nyingi za pwani ziliwekwa umeme kwa kanuni za Kiingereza za wakati ule. Katika mtindo huo, nyaya zilipitishwa ndani ya mabomba ya chuma, na mara nyingi hapakuwa na waya wa ardhi kabisa. Bomba lenyewe la chuma ndilo lililokuwa waya wa ardhi, kutoka kwenye soketi mpaka kwenye bodi ya fyuzi. Mfumo mzuri, ilimradi bomba ni zima. Sasa anakuja fundi wa mwaka huu, anakuta kipande cha bomba kimeliwa na chumvi ya ukuta wa mawe ya matumbawe. Anakikata, anaweka bomba la plastiki, anaunga nyaya mbili za ndani. Taa zinawaka. Kumbe kuanzia hapo na kuendelea nyumba haina tena waya wa ardhi, na hakuna mtu aliyeambiwa.

Hivyo hivyo kwa maji. Nyumba kadhaa za zamani zilifungwa waya wa ardhi kwenye bomba la maji la chuma, kwa kuwa bomba lilizama ardhini mita nyingi. Fundi bomba anapobadilisha mabomba yote kuwa ya plastiki, anafanya kazi yake vizuri, hana kosa. Ila amekata waya wa ardhi wa nyumba nzima bila kujua kuwa aliushika mkononi. Siku waya wa moto utakapogusa bodi ya friji au ya mashine ya kufulia, umeme utakaa pale ukimsubiri mtu mwenye miguu iliyolowa.

Kuna na hili la taa za shaba. Kanuni za Uingereza zilianza kudai waya wa ardhi kwenye mistari ya taa mwaka 1966. Nyumba iliyowekewa umeme kabla ya hapo huenda ina waya wa ardhi kwenye soketi lakini kwenye taa na swichi haina. Haikuwa tatizo kubwa wakati holda na swichi zilikuwa za bakelaiti. Leo kila gesti inataka taa ya shaba yenye vitobo ngazini, na swichi zenye uso wa shaba ili zifanane na mlango. Ukining'iniza chuma kwenye mstari usio na waya wa ardhi, halafu ukampa mgeni aliyetoka kuoga kazi ya kuibonyeza swichi, umetega mtego. Ukizipenda taa hizo, na mimi nazipenda, lipia kwanza waya wa tatu.

Sasa, je, nyumba yako inahitaji kubadilishwa nyaya zote? Si lazima. Fundi anayesema "toa zote, mzee" kabla hajafungua hata soketi moja simwamini kuliko yule anayesema zote nzuri. Wote wawili wanakisia, mmoja kwa mfuko wako na mwingine kwa uhai wako.

Anza kwa kuzima meni swichi, uhakikishe kwa kipimo kuwa umeme haupo kweli, kisha fundi afungue soketi mbili tatu na swichi mbili tatu za vyumba tofauti, pamoja na ile ya juu kabisa karibu na paa, ambako joto na panya wamefanya kazi kwa muda mrefu zaidi. Mwambie akuonyeshe waya wenyewe. Ukiona mpira mweusi uliofunikwa kitambaa, ukiukunja kidogo unapasuka na kumwagika unga mkononi, mjadala umekwisha: nyumba nzima ibadilishwe. Ukiona waya wenye ganda la risasi, la kijivu na zito, mjadala umekwisha vilevile, maana ndani ya ganda hilo mna mpira wa aina hiyo hiyo. Nyaya hizi ziliacha kutumika plastiki ya PVC ilipoenea, kwa hiyo umri wake unajieleza wenyewe.

Ukiona PVC nyekundu na nyeusi, subiri kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu hukosea pande zote mbili. PVC nzuri iliyofungwa vizuri na kutozidishiwa mzigo huweza kudumu miaka mingi. Ila angalia ncha zake ndani ya boksi. Kama kuna uteute wa kijani unaonata, unaotiririka kutoka kwenye ncha ya waya hadi nyuma ya soketi, hayo ni mafuta ya kulainishia plastiki yakitoka na kuungana na shaba. Plastiki inayopoteza mafuta hayo inakauka. Na kama ganda karibu na skrubu limebadilika rangi kuwa kahawia au limekuwa gumu, mstari huo umewahi kupata joto kuliko unavyostahimili. PVC ya kawaida imetengenezwa kwa nyuzi 70 tu za Selsiasi.

Baada ya macho ndipo kipimo. Kifaa chenyewe mafundi wanakiita mega. Kinasukuma volti 500 kwenye waya usio na umeme, kuona kiasi gani kinavuja kupitia ganda lake, kati ya waya na waya, na kati ya waya na ardhi. Kabla ya hapo vifaa vyote vichomolewe, balbu zitolewe, swichi ziwashwe, na vitu vya elektroniki vilivyofungwa moja kwa moja vitenganishwe, la sivyo vitaungua. Chini ya megaohmu 1, mstari huo umeshindwa. Nyaya mpya zilizofungwa vizuri husoma mamia. Kati ya 1 na 5 au 6 hivi, mimi nisingeweka mzigo mpya juu yake hata kama kanuni inaruhusu. Kuna kitu kinavuja, na unyevu utakifikia.

Unyevu ndio siri ya nyumba za mawe. Kuta za matumbawe na chokaa zina chumvi, na chumvi inavuta maji kutoka hewani hata pasipo mvua. Mstari uliosoma vizuri mwezi wa Februari, jua kali, unaweza kusoma vibaya sana mwezi wa Aprili. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, pima masika. Na ukipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, kama wengi wanavyofanya kwa kutafuta uimara, unaufungia unyevu ndani ya ukuta pamoja na nyaya.

Kinachofuata kina uzito wa pekee, kwa sababu kinafanana na usalama. Mwenye nyumba hana fedha ya kubadilisha zote, kwa hiyo fundi anamshauri waondoe ile bodi ya zamani yenye fyuzi za waya, waweke boksi jipya la breka, jeupe, lenye kifuniko. Linapendeza. Tena breka ni bora kuliko fyuzi ambayo mtu ameshaifunga kwa uzi wa shaba uliotolewa kwenye waya wa pasi. Lakini waya mwembamba wa taa uliokuwa nyuma ya fyuzi ya ampea 5, ukiufungia breka ya 20 kwa sababu ya 5 "inaruka-ruka", umeruhusu waya huo uungue kabla ya breka kujua. Breka huchaguliwa kwa kuangalia unene wa waya ulio nyuma yake: milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, 4 au 6 kwa jiko la umeme na bomba la mvua la umeme. Inayoruka-ruka inasema kitu. Isikilize.

Na waya wa ardhi usipime kwa kuona nondo imepigwa uani. Nondo yenye ukinzani wa ohmu 20, na kwenye mchanga mkavu huwa mkubwa zaidi ya huo, itapitisha ampea 11 na nusu tu kutoka kwenye volti 230. Breka ya ampea 32 haitashtuka milele. Ndiyo maana nyumba inayotegemea nondo lazima iwe na kile kifaa kinachohisi umeme unaovuja, RCD, cha miliampea 30, ambacho hukata katika sehemu ndogo ya sekunde. Kikifungwa kwenye nyumba ya zamani na kikawa kinakata kila siku, fundi asikitoe.

Kuhusu rangi, tahadhari hii ni ya mafundi zaidi. Rangi za zamani za Kiingereza ni nyekundu kwa waya wa moto, nyeusi kwa nyutro. Tangu Uingereza ilipobadilisha mwaka 2004, mpya ni kahawia na buluu. Kwenye nyumba ya laini moja mchanganyiko huo unavumilika. Kwenye jengo la laini tatu unaua: buluu ya zamani ni waya wa moto, buluu ya sasa ni nyutro, nyeusi ya zamani ni nyutro, nyeusi ya sasa ni waya wa moto. Gesti kubwa iliyokarabatiwa nusu nusu ina zote ndani ya boksi moja. Aliyeunga sehemu mpya na ya zamani bila kubandika alama hapo amemwachia mwenzake kaburi.

Ukishaamua kubadilisha, usiuziwe waya bandia. Sokoni kuna nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba nje, na kuna zilizoandikwa 2.5 ambazo hazifiki. Kata ncha kwa kisu uangalie ndani: shaba ni nyekundu mpaka katikati, aluminiamu ni nyeupe. Uzito nao unasema, bandia ni nyepesi mkononi. Kama muuzaji anakubali, mwambie fundi apime ukinzani wa bunda zima kutoka ncha hadi ncha: mita 100 za milimita 2.5 za shaba halisi husoma karibu ohmu 0.74, na za milimita 1.5 husoma karibu 1.2. Ikisoma 1.1 kwenye bunda la 2.5, rudisha. Muuzaji atakasirika, mwache akasirike.

Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na huwezi kuchimba ukuta utakavyo. Ruhusa inatoka kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Hilo wengi huliona kama kikwazo, na wengine hulifanya kisingizio cha kuacha nyaya za zamani. Mabomba ya nje ya ukuta, yaliyopangwa kwa unyoofu juu ya kuta na kando ya boriti, ni halali kwa macho na ni bora kwa nyumba: hayavunji matumbawe, hayakai ndani ya chumvi, na siku ya kukagua huhitaji nyundo. Boriti isitobolewe kupitisha bomba.

Wakati wa kukagua nyaya, tafuta pia mabaki ya miunganisho ya jenereta. Umeme ulipokatika Unguja mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, watu walijiunganishia kwa njia yoyote, ikiwemo waya wenye plagi dume pande zote mbili unaochomekwa kwenye soketi ya kawaida. Ukikuta waya huo stoo, ukate kwa koleo leo. Ukikuta njia ya jenereta iliyofungwa kwenye meni bila swichi ya kubadilishia, umeme wako unaweza kurudi barabarani ukamkuta fundi wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, akiwa juu ya nguzo.

Kazi yote hii ifanywe na mtu mwenye leseni. Tanzania Bara hutolewa na EWURA, Kenya hutolewa na EPRA, na ni haki yako kuiomba na kuisoma kabla ya kutoa malipo ya awali. Akimaliza, usipokee neno "tayari". Pokea karatasi yenye usomaji wa mega wa kila mstari, ukinzani wa nondo, muda wa RCD kukata, na mchoro hata wa mkono unaoonyesha breka ipi inalinda chumba kipi. Piga picha kila ukuta ukiwa wazi, na futi ya kupimia ikionekana kwenye picha, ili anayekuja kupigilia msumari miaka kumi baadaye ajue waya umepita wapi.

Na kama umeshachelewa, lipu imekauka na rangi imepakwa, bado hujashindwa. Mega hupimia kutoka kwenye boksi la breka, ukuta haubomolewi. Nyumba ya kawaida humalizika ndani ya nusu siku. Mstari utakaosoma chini ya megaohmu 1 uchomolewe kwenye breka yake siku hiyo hiyo na ubaki umechomolewa. Viyoyozi na hita za maji vipewe mistari yao mipya, ya nje ya ukuta, kila kimoja na breka yake. Mpaka hayo yakamilike, chumba chenye kiyoyozi kilichochomekwa kwenye soketi ya zamani kisikodishwe, hata kama mgeni ameshalipa.